Mshono wa Watu Wawili

Siku Injinia Musimbi alipopiga magoti na kuchora meli kwa chaki kwenye sakafu ya karakana ya Wakoli, kule Kawangware, Nyamai aliitazama mara moja tu akajua ni yake. Wengine waliona mistari. Yeye alijiona amesimama juu ya sitaha, upepo wa Mombasa ukimpiga shingoni, mtu ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona maishani ni ya bwawa la Masinga.

Injinia alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyetoka kwenye karakana moja ya kukarabati meli huko pwani, na alieleza kazi kama mtu anayeelekeza mapishi. Meli hii, alisema, zamani ilikuwa ya kubeba mizigo na kuvuta nanga za mitambo ya mafuta baharini. Sasa mwenyewe anataka ibadilishwe kazi. Huko mbali kuna visima vya mafuta vilivyochimbwa chini ya bahari miaka mingi iliyopita, vimekauka, na sheria haikubali viachwe hivyo hivyo, kwa kuwa kisima kilichotelekezwa iko siku kitatapika. Lazima vizibwe kwa saruji, kisha mabomba yakatwe na mitambo ing'olewe. Kwa hiyo meli itatobolewa tundu katikati, juu ya tundu usimamishwe mnara wa kushushia vyombo, na nyuma yafungwe matangi ya saruji na pampu za kuisukuma.

"Na kutoka kwa pampu mpaka kwa kisima ni mabomba," alisema, akigonga sakafu kwa kile kipande cha chaki. "Saruji inapita huko na presha ya kuua mtu. Mshono mmoja ukiachilia, hakuna mtu atarudi kueleza. Kwa hivyo sitaki fundi wa mageti na madirisha. Nataka fundi wa bomba, mmoja. Atachomelea Mombasa mpaka meli iwe tayari, halafu ataenda nayo."

Mmoja. Wakoli alikuwa na mafundi wawili wa bomba, na wote wawili walilisikia neno hilo.

Huyo wa pili alikuwa Ramzy Fadlalla, Mnubi wa Makina, Kibera, kijana wa watu, mpole, mwenye kicheko cha kuwafanya hata wadai wake wamsahau. Ramzy alishika kazi kwa mkono wa kushoto na Nyamai kwa mkono wa kulia, na Wakoli alipoligundua hilo aliona Mungu amemtumia zawadi. Bomba likizungukwa na mtu mmoja, moto hulivuta upande mmoja likapinda. Basi kwa Wakoli bomba halikuchomelewa na mtu mmoja. Nyamai alikaa kulia, Ramzy kushoto, wakaanza chini kwa pamoja, wakapanda, wakakutana juu. Walikuwa wamefanya hivyo kwenye maboila ya mashule, kwenye matangi ya maziwa, kwenye mabomba ya maji ya mahospitali, mpaka wakaacha hata kuzungumza wakiwa kazini. Mmoja akikohoa, mwenzake alijua rodi ya kuchomelea imekwisha.

Injinia alikuwa amekuja na vipande viwili vya bomba nene, kila kimoja kimekatwa katikati ili kiungwe upya. Alivifunga kwenye fremu vikalala mshazari, kimoja akakipiga alama ya Ramzy, kingine ya Nyamai, akawaambia hakuna kugeuza bomba, wazunguke wao. Kisha akavuka barabara kwenda kula samaki kwenye kibanda cha Filister.

Hapo ndipo walipofanya kosa ambalo sidhani mafundi wengine wa Nairobi wangelifanya. Hawakukaa kila mtu na bomba lake. Walikaa wote wawili kwenye bomba la Ramzy, Nyamai kulia, Ramzy kushoto, wakalimaliza, wakanywa maji, wakahamia kwenye bomba la Nyamai. Haikuwapitia akilini kwamba wanadanganya. Bomba huchomelewa hivyo, basi. Wakoli mwenyewe aliwapita na kikombe chake cha chai na hakuona ajabu yoyote. Injinia aliporudi akichokonoa meno alikuta kazi imepoa, safi, akavitia vipande vyote viwili garini akaenda navyo Mombasa vikapigwe eksirei.

Halafu nchi ikapiga kura, na baada ya kura ikaungua.

Nyamai alikuwa akikaa Soweto East, yeye na mkewe Kamene na binti yao mdogo, Ndululu. Mwanzoni moto ulikuwa wa wengine. Lakini mwezi wa kwanza, kiongozi wa Wakamba, kabila la Nyamai, alipokubali cheo kwenye serikali iliyolaumiwa kuiba kura, majirani walianza kumtazama Nyamai kama kwamba cheo kile kimewekwa chini ya kitanda chake. Nyamai hakuwa amekubali chochote zaidi ya ugali na sukuma wiki. Haikusaidia. Watu walianza kunyamaza akipita, na siku waliyokuja kuutikisa mlango wake, ni Ramzy aliyetokea na binamu zake na mkokoteni. Walipakia godoro, sufuria na mtoto, wakawasukuma mchana kweupe mpaka Makina, Ramzy akiwasalimia vijana wa njiani kwa majina, "Niaje, niaje," kana kwamba anahamisha mzigo wa mkaa.

Mama yake, Bi Mabrouka, aliwapa chumba cha nyuma. Mpangaji wake alikuwa amekikimbia. Nyamai alipoanza kutafuta maneno ya shukrani, yule mama alimkata. "Hapa hakuna mgeni. Mke wako ataniongoja nimsuke kichwa, na wewe utanitengenezea lile geti. Mengine ni kelele."

Geti lilitengenezwa kwa nyundo na waya, maana umeme ulikuwa wa kubahatisha, na katika nyumba ile Nyamai alianza kujifunza kitu kigumu, kuona kila siku jinsi mwenzake anavyopendwa. Kwa Wakoli walikuwa sawa, mtu na mwenzake. Hapa Ramzy alikuwa mwana wa nyumba. Akipita uani wazee walimwita kwa jina la babu yake. Chakula kikija, sinia lililofunikwa tabaga la rangi, lile kawa ambalo Bi Mabrouka alilisuka kwa mkono wake, lilitua mbele ya Ramzy kwanza. Nyamai alikula na kushiba, na kila tonge lilimkumbusha ni la nani. Aliona vibaya kuona vibaya. Lakini aliona vibaya.

Simu ya Ramzy ililia Bi Mabrouka akiwa uani anakaanga gurusa, zile chapati zao nyembamba. Ramzy aliifungulia sauti ili wote wasikie.

"Ramzy? Ni Injinia Musimbi. Sikia, bomba lako limepita. Safi kabisa. Meli tumeshaitoboa, mnara unasimama wiki hii. Nakuhitaji barabara ikifunguka tu."

Ramzy hakupiga kelele. Alimtazama Nyamai kwanza, na hilo pia Nyamai alilichukia baadaye. "Na ya Nyamai, Madam?"

"Imekataa. Ina vitundu ndani ya mshono. Mwambie pole."

Vigelegele vilipaa. Majirani wakatokeza vichwa. Bi Mabrouka alimfuta mwanawe unga shavuni, unga aliompaka mwenyewe, akauliza meli inaenda kufanya nini huko, na Ramzy alipomweleza mambo ya visima na saruji akacheka mpaka akakaa chini. "Yaani mtoto wangu anatoka Kibera, imejaa mashimo, anaenda kuziba shimo la mtu mwingine baharini!" Kila mtu akacheka. Nyamai alicheka pia, na taya zikamuuma.

Nusu ya mshono ule ilikuwa yake. Hilo ndilo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Upande wa kulia wote, kutoka chini mpaka juu, rodi baada ya rodi, ni mkono wake. Bomba la Ramzy limepita safi kabisa, na nusu ya usafi huo ni Nyamai. Na bomba lake yeye limekataa, na nusu ya bomba hilo ni ya nani? Alijipigia hesabu hiyo akitoka, akiingia, akinawa, na kila mara ilimpa jibu lile lile. Ramzy ndiye aliyechomelea lile bomba upande wa kushoto. Ramzy amemharibia, na Ramzy huyo huyo ndiye anayekwenda.

Alimwambia mkewe chumbani, kwa sauti ya chini. "Nusu ya ile bomba ni yangu, Kamene."

Kamene alikuwa akimlisha mtoto. "Na nusu ya hii uji ni ya nani?"

"Sio hayo naongea."

"Mimi ndio naongea hayo. Baba Ndululu, hii roho yako iangalie. Tuko ndani ya nyumba ya watu."

Alijaribu kuiangalia, haki ya Mungu. Lakini Ramzy naye hakumsaidia, kwa kuwa alizidi wema. Alikuja kukaa naye kwenye ngazi akamwambia, "Usijali, msee. Nikishika nafasi huko nakuvuta. Meli kama hizo ziko mob, visima viko vingi kuliko mafundi. Kwanza nikifika tu, nitamwambia Madam wewe ndio uliniweka kwa hii kazi." Alisema kwa moyo mweupe, na Nyamai alitamani kumpiga kofi. Kuvutwa. Kama mkokoteni. Alimwona Ramzy juu ya sitaha, ovaroli mpya, bahari pande zote, wazungu wakimwita jina, na huku yeye, Nyamai, mshono wake ndio uliompandisha mwenzake kwenye meli bila mtu kujua ni wa nani. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Angekosa kazi, sawa, wangapi wamekosa. Lakini mshono wake umpeleke mtu mwingine baharini?

Wivu ukishapata sababu nzuri, unavaa suti. Wa Nyamai ulivaa suti ya ukweli. Alijiambia kwamba si haki Injinia adanganyike. Alijiambia hata kwamba ni hatari, maana watu wanaweza kufa baharini, na yeye ajue na anyamaze? Alipofika kwenye kibanda cha simu ya jamii nyuma ya msikiti alikuwa ameshakuwa mtu mwema kabisa. Simu yake mwenyewe ilikuwa na chaji ya kutosha, lakini hakutaka kuzungumzia uani.

"Madam, ni Nyamai wa Kawangware. Nataka kukwambia kitu kwa sababu ya haki. Ile bomba ya Ramzy hakuchomelea peke yake. Nusu ni mimi."

Injinia aliuliza, "Nusu namna gani?"

Akamweleza. Upande huu, upande ule, kuanza chini, kukutana juu. Alieleza kwa fahari, hakuweza kujizuia.

"Na ile yako? Nayo mlifanya hivyo?"

"Hivyo hivyo, Madam. Mimi kulia, yeye kushoto. Ndio nasema sasa, hiyo yangu iliyokataa, uliza imekataa upande gani."

Akasikia karatasi zikipekuliwa. Alingoja akiwa na hakika, hata akamkonyeza mwenye kibanda.

"Vitundu viko upande wa kulia," alisema Injinia. "Vyote. Kushoto hakuna shida."

Mwenye kibanda alikuwa akipanga sigara kwenye kisanduku chake, na mahali fulani mtoto alikuwa akilia. Nyamai alikumbuka sasa, wazi kabisa, jinsi alivyoharakisha lile bomba la pili kwa kuwa lilikuwa lake, akitaka limpendeze Injinia kwa macho, akivuta rodi haraka mshono ulale laini. Ramzy hakumharibia kitu. Ramzy alikuwa amefanya nusu yake vizuri mara mbili.

"Haya, umefanya vyema kuniambia," Injinia aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya kazi tu, haina hasira. "Kumbe sina fundi aliyepita. Alhamisi nakuja Nairobi kwa mambo mengine. Nitapitia hapo na mabomba mengine, na safari hii kila mtu peke yake na mimi nimekaa hapo natazama."

Angeweza kumwambia Ramzy jioni ile. Nafasi ilikuwepo, tele. Ramzy alirudi uani na simu mkononi, uso umemshuka kidogo, akasema Injinia anataka kurudia mtihani, kuna mtu amempigia akamwambia walichomelea wawili.

"Nani sasa angefanya hivyo?" akauliza Bi Mabrouka. Alikuwa ameanza kumpangia mwanawe nguo.

Ramzy alikuna kichwa, kisha akacheka. "Wakoli. Lazima. Anaogopa kubaki bila fundi."

Akamtazama Nyamai amsaidie kucheka.

"Labda," alisema Nyamai.

Kamene, aliyekuwa amekaa kati ya magoti ya Bi Mabrouka akisukwa, aligeuza kichwa akamtazama mumewe mpaka yule mama akamvuta nywele akamwambia atulie. Tangu hapo, kila Nyamai alipoingia chumbani, Kamene alipata kazi ya kufanya nje.

Alhamisi waliondoka asubuhi pamoja, wakatokea Ngong Road, wakapita Dagoretti Corner, wakashika Naivasha Road. Siku hizo mji ulikuwa umetulia namna ya mtu anayejifanya amelala. Wakubwa wa siasa walikuwa hotelini wakizungumza amani, na huku chini kila mtu alitembea akisikiliza. Vibanda vingine vilikuwa majivu, vingine vimefunguliwa nusu. Ramzy aliongea njia nzima. Alisema afadhali mtihani urudiwe, ili yeyote atakayepita apite bila deni. "Ikiwa ni wewe, mimi nafurahi, walahi." Nyamai alijua ni kweli, na alimwonea wivu hata kwa hilo, kwamba mwenzake anaweza kusema maneno kama hayo na kuyamaanisha.

Injinia Musimbi alikuwa ameshafika, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mabomba mawili yamefungwa mshazari. Wakoli alisimama mlangoni amekunja mikono, haelewi kwa nini Ramzy amemsalimia nusu nusu.

Walianza, kila mtu na lake.

Nyamai alipanda upande wa kulia na mkono ulijua njia. Aliona ule moto mdogo mweupe ukitembea mbele yake, akauchunga polepole, hakuharakisha safari hii, akafika juu, akashusha pumzi. Kisha akazunguka kushoto, akalala chini ya bomba, na hapo akashangaa. Mkono haukufika mahali alipozoea. Kiwiko kiligonga fremu. Aliinua rodi akaiona imekaa kinyume, kama mtu anayejaribu kuandika jina lake kwa mkono mwingine. Aliichoma hivyo hivyo, kwa nguvu ya kutaka, jasho likimwingia machoni ndani ya kofia. Mara mbili alikohoa rodi ilipokwisha, kwa mazoea tu. Hakuna aliyehama, kwa kuwa upande wa pili hakukuwa na mtu.

Hapakuwa na eksirei Kawangware, lakini Injinia alikuwa na njia ya zamani. Kila bomba alilikata vipande vyembamba, kimoja cha kulia, kimoja cha kushoto, na kila kipande akakifunga kwenye jiliwa na kukikunja kwa nguvu palepale penye mshono. Mshono mzuri hukunjika pamoja na chuma. Mbaya hupasuka.

Alianza na Ramzy. Kipande cha kushoto kilikunjika kama chapati ya moto, hakikutoa hata ufa wa nywele. Injinia akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafunga cha kulia, akakaza. Kikalia, kikapasuka katikati ya mshono.

Nami nitasema alichohisi Nyamai, maana yeye hatasema kamwe. Alifurahi. Furaha ilimpanda kutoka tumboni, ya moto, tamu, akauma mdomo kwa ndani isimtoke usoni. Katika dakika ile hakukumbuka mkokoteni, wala chumba cha nyuma, wala mke wake akisukwa uani. Alikumbuka meli tu. Ramzy amekwisha, na meli iko wazi.

Kisha Injinia akachukua vyake. Cha kulia kikakunjika vizuri kabisa, pengine vizuri kuliko cha Ramzy. Akakifunga cha kushoto. Hata hakukaza sana. Kilipasuka mapema na kipande kimoja kikaanguka sakafuni.

Wakoli ndiye aliyezungumza wa kwanza. "Lakini Madam, hawa wakikaa pamoja hakuna bomba inawashinda. Wachukue wote wawili, si ni hivyo tu?"

"Natamani." Injinia alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa. "Meli ina kitanda kimoja cha fundi wa bomba. Na huko ndani, Wakoli, katikati ya matangi, hata mtu mmoja anaingia kwa kujikunja. Hakuna nafasi ya mtu kukaa huku na mwingine kule. Kuna fundi wa Likoni nilikuwa nimemweka pembeni, nitamwita." Aligeuka kwa mafundi, na alikuwa mtu wa haki, alitaka kumwachia kila mmoja neno zuri la kubaki nalo. "Ramzy, mkono wako wa kushoto ni wa thamani. Jifunze ule mwingine. Na Nyamai, wewe nakushukuru. Usingenipigia ile siku, ningeenda na nusu ya fundi baharini, na watu wangeumia. Si wengi wangesema ukweli dhidi ya rafiki."

Akawapa mkono wote, akaingia garini, akaenda.

Wakoli aliwatazama wote wawili, kisha akaona kuna jambo la lazima nje. Ramzy aliokota kile kipande kilichoanguka, akakigeuzageuza, akakiweka taratibu juu ya meza.

"Ni wewe," alisema.

"Ramzy, sikia—"

"Na nikamlaumu Wakoli. Mbele yako. Na wewe ukasema labda."

Nyamai alifungua mdomo atoe ile suti yake, ya haki, ya watu kufa baharini. Aliona haimtoshi. "Nilikuonea wivu," alisema, na ni ajabu jinsi maneno yenyewe yalivyokuwa machache. "Hivyo tu. Nilikuonea wivu, Ramzy."

"Ungeniambia tu. Ningekwambia enda wewe."

"Najua."

"Hujui," alisema Ramzy. "Mimi nina nyumba. Nina mama. Wewe huna kitu. Jana nimekesha nikifikiria nimwambie Madam akuchukue wewe." Hakupaza sauti, wala machozi hayakumtoka. Alivua glavu zake za kazi, akazitundika ukutani, akatoka.

Walirudi kwa njia ile ile, lakini si pamoja. Ramzy mbele, Nyamai hatua kadhaa nyuma, na kila Nyamai alipoongeza mwendo Ramzy aliongeza wake. Nyamai alifikiria kubaki Kawangware, alale karakana. Lakini Kamene na mtoto walikuwa Makina, na njia ya kwenda Makina ilikuwa nyuma ya mgongo ule.

Karibu na kuingia Makina vijana walikuwa wameziba barabara kwa mawe na tairi, si wa mtaa ule, wengi wao walitoka Kisumu Ndogo, upande mwingine wa Kibera. Kulikuwa na habari fulani kutoka kwenye yale mazungumzo ya hotelini iliyowaudhi. Walimjua Ramzy, wakamfungulia. Nyamai walimsimamisha.

"Wewe, toa kipande. Unaitwa nani?"

Alitoa kitambulisho. Yule kijana alisoma jina kwa sauti, akalisoma tena kwa wenzake, na wenzake wakasogea. Mmoja alikuwa na rungu, akaanza kulipigapiga kwenye kiganja cha mkono. "Mkamba. Hawa si ndio waliuza kura? Unaenda wapi huku?"

Ramzy alikuwa ameshavuka. Alikuwa na hatua chache tu za kupotea kwenye kona, na Nyamai alimwona akisimama, amewapa mgongo, mabega yamepanda. Nyamai hakumwita. Jina la kumwitia hakulipata. Hakujua tena amwite nani, rafiki, fundi mwenzangu, ndugu yangu. Alingoja kama walivyongoja wale vijana, na muda ule, mfupi tu, alijua maisha yake yote yako kwenye kinywa cha mtu ambaye yeye mwenyewe alimnyang'anya bahari.

Ramzy aligeuka.

"Unamjua huyu, Ramzy?" aliuliza yule kijana aliyeshika kitambulisho. "Ni nani wako?"

Ramzy alimtazama Nyamai usoni, muda mrefu kuliko alivyomtazama siku nzima.

"Si mtu wangu," alisema. "Ni mgeni wa mama. Mwachilieni."

Wakamrudishia kitambulisho, wakasogeza tairi. Ramzy alikuwa ameshaanza kutembea tena, na Nyamai akamfuata nyuma, polepole, akijihadhari asimkaribie.